Nimetamka kwamba nimeachilia, lakini moyo bado mzito: je, ni lazima niache na kihamba?

Mama wa Marangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naleta kwenu jambo ambalo nimeliombea kwa muda mrefu, na ninaomba nijibiwe na watu waliolitafakari kwa Maandiko, kwa maana maneno ya kunifariji nimeshayapata mengi na bado usingizi haujarudi.

Mimi ni mjane. Naishi Moshi mjini na wanangu, na mwisho wa juma tunapanda Marangu kuhudumia kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ambacho marehemu mume wangu aliachiwa na baba yake. Baada ya msiba, shemeji yangu, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu, alianza kusogeza mpaka. Asubuhi moja nilikuta masale mapya, mimea ile tunayopanda kuonyesha mpaka, yamechomekwa ndani ya mstari wa tatu wa kahawa zetu, mashina yake yamekatwa kwa panga siku ileile na majani yakiwa bado yamelegea, na pale yalipokuwa masale ya zamani aliyoyapanda baba mkwe kwa mkono wake palikuwa na mashimo yaliyofukiwa na kufunikwa majani makavu ya migomba. Nilipomwendea kumuuliza, alinijibu mbele ya wanangu kwamba mwanamke aliyekuja kuolewa hana mpaka wa kuulizia. Ukoo umekaa kikao na haukufikia neno lolote.

Katikati ya hayo nilihudhuria semina Arusha. Mhubiri alifundisha juu ya moyo safi, akasema kwamba mtu anayeshikilia neno juu ya mwenzake hawezi kumwona Mungu, na kwamba tuliokuwa pale tuachilie kila kitu ili tuondoke tukiwa wepesi. Nililia sana siku ile. Nilimtaja shemeji yangu kwa jina, nikatamka kwamba nimemwachilia, na kweli nilihisi mzigo umeshuka. Lakini Jumapili iliyofuata, nilipomwona akishuka ngazi za kanisa akiwa na Biblia yake kwapani, tumbo lilinisokota na mikono ikaniingia baridi, na mahubiri ya siku ile siwezi kuwasimulia hata neno moja.

Ninachoomba kujua ni hiki. Uchungu ule kurudi kunaonyesha kwamba sikusamehe kweli, na kwamba ile siku ya semina nilijidanganya? Tena baadhi ya akina mama wenzangu katika ushirika wananiambia kwamba aliyeachilia haendi barazani, kwa hiyo nikiendelea kudai mpaka nitakuwa nimeuokota tena mzigo niliouweka chini. Na Jumapili ijayo tuna Chakula cha Bwana, je, nijizuie?

Mchungaji Mstaafu, Machame

Amina, Mama, na pole sana kwa msiba na kwa haya yaliyoufuata msiba. Nitajaribu kukujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo lako linawagusa wengi katika mitaa yetu ya mlimani, ambako ndugu wanaoshindania hatua mbili za ardhi huimba katika kwaya moja.

Wakristo wengi tunaijua Zaburi 55:22 kwa moyo: "Umtwike Bwana mzigo wako naye atakutegemeza." Tunaiandika kwenye kadi za pole na kuitaja katika maombi ya kufungia ibada. Lakini ni wachache wanaoisoma zaburi yenyewe kuanzia juu, na mimi nakuomba uisome yote usiku wa leo kabla ya kulala. Utaona kwamba mzigo anaousema mtunzi wa zaburi hapo ni wa kusalitiwa na mtu wa karibu. Anasema kwamba kama aliyemtukana angekuwa adui, angevumilia, kisha anamgeukia mtu huyo: "Bali ni wewe, mtu mwenzangu, rafiki yangu, niliyejuana nawe sana." Na mstari unaofuata unakumbuka kwamba walikuwa wakitembea pamoja nyumbani mwa Mungu. Mama, zaburi hiyo inakuhusu wewe unayemwona shemeji yako akishuka ngazi za kanisa.

Sasa angalia namna anavyoutwika huo mzigo. Katika mstari wa 17 anasema kwamba analalama jioni, asubuhi na adhuhuri. Huko nyuma anatamani apate mabawa kama njiwa aruke aende zake jangwani. Mstari wa 15 ni mkali kiasi kwamba wengi wetu tungeona haya kuusoma kwa sauti mbele ya watoto. Na mtu huyu aliyelalamika mara tatu kwa siku, aliyetamani kukimbia, aliyemwambia Mungu maneno makali kuhusu rafiki yake, ndiye anayetufundisha kumtwika Bwana mzigo. Kwa hiyo kumtwika Bwana mzigo hakumaanishi kwamba umeutamka mara moja nao ukayeyuka. Ni kuupeleka kwake jioni, na ukirudi asubuhi unaupeleka tena, na adhuhuri ukimwona mtu yule njiani unaupeleka palepale. Ulichofanya kule Arusha kilikuwa kweli. Ulianza. Aliyekuambia kwamba utamaliza siku hiyohiyo ndiye aliyeongeza neno ambalo Maandiko hayakulisema.

Mfikirie pia Yusufu. Aliuzwa akiwa kijana wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, na katika ile miaka saba ya shibe alizaa mtoto wa kwanza akamwita Manase, akisema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake zote na nyumba yote ya baba yake. Ungesema huyu amepona, amefunga ukurasa. Lakini njaa ilipoingia na ndugu zake wakaja kununua nafaka, akawasikia wakizungumza juu ya lile walilomtenda, Biblia inasema aligeuka, akajitenga nao, akalia. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka 20. Wala baada ya kulia hakuwakumbatia siku hiyo. Alimfunga Simeoni, akawarudisha nyumbani, akawajaribu mpaka alipomsikia Yuda akijitoa kukaa utumwani badala ya Benyamini. Machozi ya Yusufu hayakuwa dalili ya kinyongo, na uangalifu wake haukuwa dalili ya moyo mchafu. Kusamehe alikuwa amekwisha kusamehe. Imani juu ya ndugu zake ndiyo iliyohitaji kujengwa upya, na kazi hiyo ilikuwa juu yao.

Kuna jambo jingine katika habari hiyo ambalo sijasikia likihubiriwa mara nyingi. Yakobo aliishi Misri miaka 17, na alipokufa, wale ndugu waliingiwa na hofu upya kwamba sasa Yusufu atalipa kisasi. Miaka 17 walikula mkate wake na bado walikuwa wamebeba hatia yao, kwa sababu katika muda huo wote hatusomi popote kwamba walimwomba msamaha kwa vinywa vyao. Waliomba baada ya mazishi, tena mwanzoni kwa kutuma mtu. Yusufu akalia tena, akawaambia: "Msiogope, je! Mimi ni badala ya Mungu?" Hapo ndipo unapoona alichokuwa amekiachilia. Aliachilia kiti cha hakimu wa mwisho. Alikubali kwamba kuhukumu roho za ndugu zake si kazi yake. Hilo ndilo ninalokuomba ujipime nalo, Mama, badala ya kujipima kwa jinsi tumbo linavyosokota, kwa maana mwili una kumbukumbu yake na huchelewa kuufuata moyo.

Kuhusu baraza, Bwana wetu alipotaka kufundisha maombi yasiyokata tamaa alimchagua mjane, akamweka mbele ya kadhi dhalimu akisema, "Nipatie haki na adui wangu." Hakumkemea kwamba angeachilia. Na Torati inamlaani mtu aondoaye mpaka wa jirani yake, katika Kumbukumbu la Torati 27:17, wala simkumbuki popote mtu aliyelaaniwa kwa kuuliza mpaka wake uko wapi.

Kuhusu Meza ya Bwana nitarudi baadaye, maana jicho limechoka.

Ndugu wa Usa River

Bwana asifiwe, Mchungaji, na shikamoo. Mama, nakupa pole.

Naomba niseme upande mwingine kwa heshima. Nimelelewa na wazazi waliookoka katika uamsho, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki yote, na nyumbani kwetu neno la kwanza kuhusu ugomvi lilikuwa kutembea nuruni, yaani kuungama wazi bila kuficha kitu. Wazee wale hawakuzungumza juu ya haki kabla ya kuzungumza juu ya msalaba. Nimemwona baba yangu akimrudishia jirani jembe ambalo jirani mwenyewe alikwisha kulisahau, na nimemwona akinyamaza alipodhulumiwa maji ya mfereji, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sijaiona kwa walioshinda kesi.

Paulo anawauliza Wakorintho, katika sura ya 6, kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana ndugu kwa ndugu. Abrahamu alikuwa mkubwa kwa Lutu, ahadi ya nchi ilikuwa yake, lakini alimwambia Lutu achague kwanza, kushoto au kulia, ili kusiwe na ugomvi kati yao. Hakupoteza kitu. Kuna mizigo inayoitwa haki, na mtu anaweza kuibeba mpaka ikamwangusha.

Wala sisemi kwamba kesi ni dhambi, Mama. Ninachokuuliza ni swali ambalo wazee wale wangekuuliza kama ungesimama mbele yao katika ushirika: unataka nini kwa hakika? Unataka masale yarudi mahali pake, au unataka shemeji yako aaibike mbele ya watu kama alivyokuaibisha wewe mbele ya wanao? Haya mawili hukaa katika moyo mmoja na kutoka mlango mmoja, na Bwana peke yake ndiye anayejua lipi limetangulia. Kama ni la pili, hata ukishinda barazani utarudi nyumbani na mzigo uleule.

Mama wa Marangu

Mchungaji, shikamoo, na asante. Nimeisoma Zaburi 55 yote kwa sauti, peke yangu, na nilipofika kwenye mstari ule wa kutembea pamoja nyumbani mwa Mungu ilibidi nisimame.

Kaka wa Usa River, swali lako limenikaa tangu jana. Nitasema kweli mbele za Mungu kwamba vyote viwili vimo. Ninataka mpaka urudi kwa ajili ya wanangu, na pia nimekuwa nikiona mbele ya macho yangu shemeji yangu akiitwa mbele ya ukoo na kukosa la kusema, na picha hiyo inanipa raha ambayo najua haitoki kwa Bwana. Hii ya pili niko tayari kuiachilia leo, na nikiiona imerudi nitaipeleka tena kama Mchungaji alivyosema. Lakini ya kwanza naona ni tofauti, na bado sijui kuitenganisha na ile nyingine nikiwa katikati ya mashauri. Mtu anakwendaje barazani na moyo uliosafishwa?

Katekista wa Ngarenaro

Tumsifu Yesu Kristo. Nami niruhusiwe kuchangia, ingawa ni Mkatoliki kati ya Walutheri.

Katika mafundisho yetu kuna fungu ambalo nimewasomea wanandoa na wanandugu wengi, nalo liko katika Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2843, pale inapoeleza lile ombi la Baba Yetu la kusamehewa kama tunavyosamehe. Linakiri wazi kwamba si katika uwezo wetu kutolisikia tena kosa wala kulisahau, lakini moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu hugeuza jeraha kuwa huruma na huitakasa kumbukumbu kwa kuyageuza maumivu kuwa maombezi. Kumbukumbu inatakaswa, haifutwi. Kwa hiyo, Mama, picha ile ya aibu ya shemeji yako ikija, usishindane nayo kwa nguvu zako. Itumie kama kengele ya kumwombea mtu huyo kwa jina, na umwombee kitu halisi: afya ya watoto wake, kahawa yake, mwisho wake mwema. Mwanzoni utaomba meno yakiwa yameumana. Omba hivyohivyo. Mungu hapimi ulaini wa sauti.

Ndugu wa Usa River amesema vizuri juu ya kukubali kupungukiwa, na ushuhuda wa baba yake ni mzito. Ila ninaongeza jambo alilolishuhudia Yohane Kasiano, mmonaki wa karne ya 5 aliyekaa na wamonaki wa jangwani huko Misri. Kwake shabaha ya maisha yote ya kimonaki ni usafi wa moyo, na kufunga, kukesha na kuacha mali ni vyombo tu vya kuufikia. Kisha anasimulia kwamba aliwaona watu walioacha dhahabu nyingi na mashamba makubwa, na baadaye wakapandwa na hasira kwa ajili ya kisu, sindano au kalamu. Walikuwa wameacha mali, nao moyo wakaubeba mzima mzima mpaka jangwani. Nalisema hili kwa sababu Mama anaweza kuacha kihamba kesho ili watu wamwone ameachilia, na kinyongo kikabaki palepale, tena kikanenepa, kwa kuwa sasa kitakuwa na sababu ya kujihesabia haki.

Basi kwenda au kutokwenda barazani si kipimo cha usafi wa moyo. Kipimo ni kile anachokitafuta mtu akiwa huko, na jinsi anavyomtaja mwenzake anaposimama kueleza. Mama, andika maelezo yako kabla ya kwenda, kisha uyasome jioni mbele ya msalaba, na kila neno ambalo halihitajiki ili ukweli wa mpaka ujulikane, likate. Eleza masale yalikuwa wapi na sasa yako wapi. Mengine yanayohusu tabia yake mwachie Mungu, hata kama ni kweli.

Msaidizi wa Sheria, Moshi

Shikamooni wazee wangu, na pole Mama. Mimi ni Mkristo na ninafanya kazi ya kuwasaidia akina mama katika migogoro ya namna hii, kwa hiyo nitasema mambo machache ya kazi na moja la imani.

La imani kwanza. Mama, unaweza kusamehe ulilotendewa wewe: maneno yale mbele ya wanao, dharau na usingizi uliopotea. Hayo ni yako, na unaweza kuyaachilia bila kumuuliza mtu. Lakini kihamba hicho si chako peke yako. Ni urithi wa watoto wa marehemu. Huwezi kumwachilia mtu kitu ambacho si mali yako kukitoa. Wanaokuhimiza uache mpaka ili moyo wako uwe mwepesi wanakuomba ulipie amani yako kwa fedha za wanao. Binti za Selofehadi, katika Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa na mkutano wote kudai urithi wa baba yao aliyekufa, na Bwana alimwambia Musa kwamba wanasema sawa. Nimewasomea akina mama wengi habari hiyo, na kila mara naona mabega yakishuka.

La kazi ni kwamba uanze na Baraza la Kata. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndipo shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kisheria ni kuketi na shemeji yako mbele ya watu wa eneo lenu wanaoujua mpaka, na sioni kama iko mbali na kile Bwana alichofundisha katika Mathayo 18 kuhusu kwenda na mashahidi. Pia hakikisha kwamba umeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu, kwa sababu bila hiyo hati shauri la mali yake linaweza kukwama mapema, na usikae sana ukisubiri ukoo, kwa maana madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Mchungaji Mstaafu, Machame

Nimefurahi kuwasoma nyote, na Katekista amenifundisha jambo la kukata maneno ambalo ningependa ningekuwa nalo miaka ile ya vikao vya usuluhishi vya usharika.

Narudi kwa Meza ya Bwana. Watu wengi wanajizuia kwa sababu ya Mathayo 5:23, kuhusu mtu anayeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Soma vizuri, Mama. Pale anayeambiwa aiache sadaka na kwenda kupatana ni yule aliyekosea, ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Kwa aliyekosewa Bwana amesema mahali pengine, katika Marko 11:25: "Nanyi, kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Huyu hakuambiwa aondoke. Anasamehe akiwa amesimama palepale, katikati ya sala, na anaendelea kusali. Tumewachanganya hawa wawili kwa muda mrefu, na matokeo yake ni kwamba mjane aliyenyang'anywa anabaki kitini huku aliyemnyang'anya akipiga magoti mbele. Kwako, kukaa mbali na Meza kungekuwa ni kujinyima chakula siku ile unayokihitaji zaidi. Nenda. Ukiwa umepiga magoti mtaje mbele za Bwana, hata kama yuko magoti matatu kutoka kwako.

Na kama ipo njia ya kumfikia kabla ya Baraza la Kata, mwombe mchungaji wa usharika wako aende na wazee wawili ambao shemeji yako anawaheshimu. Sisi Wachagga tunajua kwamba mwenye kosa akija na jani la sale mkononi kuomba msamaha, si rahisi kumrudisha. Wazee hao wanaweza kumkumbusha kwamba sale lilelile alilolichomeka ndani ya kahawa yako bado linaweza kumfungulia mlango. Hatuwezi kumlazimisha. Paulo anasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote", na upande wake si upande wako.

Mama wa Marangu

Nimekuwa na machozi, lakini ya namna nyingine. Nitakwenda mezani Jumapili, na hati ya mirathi nimeshaianza katika Mahakama ya Mwanzo.

Nimebakiwa na moja. Kijana wangu wa kwanza anasoma Arusha, na tangu siku ile amekataa kumwamkia baba yake mdogo. Desemba ukoo wote unapanda nyumbani, na ninaogopa. Je, nimlazimishe kumsamehe?

Mchungaji Mstaafu, Machame

Usimlazimishe, Mama. Waraka kwa Waebrania, 12:15, unatuonya juu ya shina la uchungu linalochipuka na kusumbua, na watu wengi wakatiwa unajisi kwalo, na nimeona uchungu wa mama ukichipuka kwa watoto ambao hawakuwahi hata kuuona huo mpaka. Lakini uchungu wa kijana hautoki kwa amri. Alimwona baba yake mdogo akimdharau mama yake siku chache baada ya kumzika baba yake; hasira yake ina upendo ndani, na ukiikemea yote kwa pamoja utaukemea na huo upendo.

Shikamoo ni jambo la adabu, na adabu unaweza kumdai. Msamaha ni jambo kati yake na Mungu, na hapo mpe muda. Mweleze uliyoyaachilia na ambayo hujayaachilia, mwambie ni kwa nini unakwenda Kata, na msomee maelezo utakayoyatoa, yakiwa yamekwisha kukatwa kama Katekista alivyoshauri. Siku ya Baraza, kama shule inaruhusu, nenda naye, akae karibu nawe akusikie ukimtaja baba yake mdogo kwa heshima mbele ya watu huku ukisema wazi kwamba mpaka ulikuwa pale na sasa uko hapa. Akija Desemba, mimi nitakuwapo Machame, na kama atapenda kuzungumza na mzee asiye wa ukoo wenu, mchungaji wako ananifahamu, naye atamleta.